Popo Darini: Mtoe Kwanza, Ndipo Uzibe

Mvua ndefu zimepungua na barua kuhusu wanyama wanaoishi na watu bila kulipa kodi zimeongezeka. Nyingi ni za popo, na wakati wake ndio huu. Tumejibu za popo kwa urefu. Waliouliza kuhusu bundi, tumbili, nyani na kenge watapata majibu yao huko chini.

SWALI: Nyumba yetu iko Manyatta, Kisumu. Paa ni la mabati ya mawimbi na dari ni ya silingi bodi laini. Kila jioni popo humiminika pembeni mwa paa kama moshi. Fundi anasema tuwapulizie dawa ya mende usiku, kisha asubuhi azibe kwa simiti. Harufu imetuzidi na dari ya chumba cha watoto imeota madoa. Tufanye nini? – Mama wa watoto watatu, Manyatta

JIBU: Mama, fundi huyo asipande ngazi kwanza. Ana makosa mawili. La kwanza ni dawa. Dawa ya mende haiui kundi lote, huwalevya tu. Wengine wataanguka sebuleni, ambako mtoto atawaokota kwa mikono mitupu, na wengine watafia ndani ya paa. Wakishaoza huko, harufu ya leo utaikumbuka kama marashi. Kosa la pili ni la saa. Popo hurudi kabla ya alfajiri na kulala mchana kutwa, kwa hiyo anayeziba asubuhi anawafungia ndani. Wakikosa njia ya nje watatafuta ya chini, pale waya wa taa unapopita au penye kifuniko cha dari, na utawakuta chumbani.

Kwa jinsi ulivyoeleza, hao ni popo wadogo wa kahawia ambao mkia wao umechomoza nje ya utando kama wa panya. Mmoja ana uzito wa gramu kumi hivi. Wanapenda mabati kwa sababu ya joto lake, hata likipita nyuzi 40. Chakula chao ni wadudu. Visubi wa ziwani wakikusanyika kwenye taa yako ya ulinzi, kwao hiyo ni meza iliyoandaliwa. Ukiizima taa hiyo jioni, au ukaiweka mbali na paa, utawapunguzia sababu ya kukupenda, ingawa kwa hilo pekee hawatahama.

Kazi ya kwanza haihitaji hata msumari. Kwa jioni tatu zisizo na mvua, watu wazima wawili wakae kwenye pembe mbili zinazokabiliana za nyumba, kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja u nusu, ili kila mmoja aone pande mbili. Waangalie ukingo wa paa ukiwa umepigwa na mwanga wa angani, wahesabu wanaotoka na waandike kila tundu linalotumika. Usiku wa mvua popo wengi hawatoki, kwa hiyo hesabu ya usiku huo usiiamini. Mchana, tafuta doa la kahawia lenye mafuta ukingoni mwa tundu, na vinyesi vilivyoganda ukutani chini yake. Bonyeza kinyesi kimoja kwa kijiti. Cha popo huvunjika kuwa unga wenye vimeta vya mabawa ya wadudu, cha panya hakivunjiki hivyo. Usilidharau jaribio hili, maana wako waliolipa fundi kwa ajili ya popo ilhali mwenye nyumba hasa alikuwa panya.

Jambo la pili ni watoto wa popo. Popo hawa huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, lakini huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, nao hufuata mvua. Mtoto hukaa kati ya wiki nne na sita kabla ya kuruka. Ukiwafungia mama nje katika kipindi hicho, watoto watakufa darini kwa njaa, nao mama watahangaika ukutani na madirishani usiku baada ya usiku wakitafuta njia ya kuwarudia. Kwa upande wa ziwa na magharibi, miezi ya kuogopa ni Machi hadi Juni, kisha Oktoba hadi Desemba. Iliyo salama zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba mapema, na Januari na Februari. Hata hivyo usiitegemee kalenda peke yake. Nusu saa baada ya kundi kutoka, zima redio, simama chini ya dari na usikilize. Wakubwa wameondoka, kwa hiyo mlio mwembamba unaoendelea kwa pamoja ni wa watoto. Chungulia kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Ukiona vitu vyekundu-kijivu visivyo na manyoya vimeshikana kwenye mbao, shuka ngazi, ngoja wiki sita, kisha usikilize tena.

Sasa kazi yenyewe. Mabati ya mawimbi ya kawaida yana umbali wa milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi, yaani matundu 13 kwa kila mita ya ukingo wa paa. Nyumba yenye pande mbili za mita 12 kila moja ina matundu zaidi ya 300 chini ya mabati, kila moja likiwa na kimo cha karibu sentimita mbili. Popo hupita penye upenyo wa sentimita moja na kidogo. Ndiyo maana fundi anayeziba matundu matatu yenye madoa akaondoka hulipwa mara ya pili baada ya mwezi.

Simiti haifai hapa. Bati la geji 30 hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku. Simiti haitanuki nalo, hivyo hupasuka, na ndani ya msimu mmoja ufa umerudi. Nunua wayameshi ya robo inchi, ile yenye matundu ya milimita sita. Waya wa kuku una matundu makubwa mno. Roli yake ikiwa na upana wa sentimita 90, mita tatu tu zinatosha kingo mbili za chini za nyumba hiyo: kata vipande vya upana wa sentimita 10 na utapata vipande tisa vya mita tatu, jumla mita 27. Kikunje kila kipande katikati kama herufi L. Sentimita tano zipigiliwe kwenye mbao ya juu ya ukuta au nyuma ya ubao wa faskia, ule unaoshikilia gata. Sentimita tano za juu zichanwe kwa mkasi wa bati, mchano mmoja kila baada ya wimbi, ili kila ulimi usukumwe ndani ya wimbi lake. Ulimi huo huinama bati linapotanuka na kurudi linaposinyaa. Nyufa ndogo za pembeni zijaze silikoni ya nje. Usisahau kofia ya juu ya paa, kwa maana mawimbi ni yaleyale na mafundi wengi hawafiki huko.

Ziba kila mahali isipokuwa tundu moja au mawili ambayo hesabu yako ilionyesha ndiyo njia kuu. Fanya hivyo mchana, taratibu, penye matundu yasiyotumika tu. Povu la kujaza nyufa lisitumike karibu na wanapopita, kwani likiwa bichi hunasa manyoya na mabawa.

Kwenye njia kuu weka mlango wa kutokea bila kurudi. Tundu likiwa pembeni au lina umbo la duara, chukua kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Liingize kwa mteremko wa kwenda chini na nje, ziba pembeni yake, kisha ufunge mdomoni kwa utepe mkono mwembamba wa nailoni, kama mkono wa shati, wa sentimita 15. Ule mkono hujikunja wenyewe popo akishatoka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo kata nailoni nyepesi ya wajenzi. Bomba liwe laini ndani. Lililokwaruzwa kwa msumeno humpa popo mahali pa kushika kucha akarudi juu.

Njia ikiwa ni ufa mrefu, bomba halitafaa. Tundika wavu mgumu wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita nne, upana wake uzidi ufa kwa sentimita 15 kila upande, nao ushuke sentimita 60 chini ya ufa. Upigilie juu na pembeni kwa vipande vyembamba vya mbao na uache chini wazi, ukining'inia sentimita tatu hadi tano kutoka ukutani. Popo hutoka, hutambaa chini na kujirusha. Akirudi hulenga harufu ya tundu lake, hugonga wavu na kushindwa, kwa sababu hana mazoea ya kuingilia chini. Mtu wa Kisumu atafikiria mara moja neti kuukuu ya omena. Tafadhali isitumike. Uzi wake ni laini na hunasa ukucha wa dole gumba, na asubuhi utakuta popo aliyejifunga mwenyewe, aliye hai na anayeuma.

Acha mlango huo usiku saba, na usiku wa mvua usiuhesabu. Hesabu tena jioni. Asipotoka hata mmoja kwa jioni mbili mfululizo, toa mlango na uzibe tundu mchana uleule. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni haraka: mtu huona wachache usiku wa tatu, akaziba, na wale waliokuwa wamelala kwa sababu ya baridi wakabaki ndani. Kosa lingine ni kutotazama nyumba baada ya hapo. Wiki mbili za kwanza popo watajaribu kila ufa ulio ndani ya mita moja au mbili kutoka tundu la zamani, kwa hiyo kagua hapo hasa.

Wataenda wapi? Wengi kwa jirani, Mama, tusidanganyane. Ukitaka kuwapa pao, tengeneza sanduku la mbao zisizopakwa rangi wala dawa: kimo sentimita 60, upana 40, vyumba viwili au vitatu vyenye nafasi ya sentimita mbili kila kimoja, chini wazi, ndani pakwaruzwe. Liweke mita nne au zaidi kutoka ardhini, mahali panapopata jua, wiki tatu kabla ya kuweka mlango. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba watalikubali.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya bweni karibu na Mumias. Popo wamejaa juu ya bweni la wavulana. Mkuu wa shule anataka tufanye kazi hiyo likizo ya Aprili wanafunzi wakiwa nyumbani, na wanafunzi wa kidato cha nne wasaidie kufagia kinyesi kabla. – Mwalimu, Mumias

JIBU: Mwalimu, Aprili ni mwezi mbaya kuliko yote, kwa kuwa watoto wa popo ndipo walipo. Agosti inafaa, ingawa upande wenu Agosti huwa na mvua zake, hivyo tengeni siku kumi na mbili badala ya saba. Na wanafunzi wasiguse kinyesi hicho. Kinyesi kikavu cha popo huweza kuotesha kuvu iitwayo histoplasma. Vumbi lake likivutwa huingia mapafuni, na siku kadhaa hadi wiki mbili na ushee baadaye huja homa, kikohozi na maumivu ya kifua. Mgonjwa akienda zahanati bila kutaja popo, huenda akatibiwa kama mwenye kifua kikuu.

Kusafisha kufanywe na watu wazima baada ya popo kuondoka, kwa barakoa ya N95 iliyobana pua na kidevu, miwani ya kuzuia vumbi, glavu za mpira na ovaroli itakayofuliwa peke yake. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Zimeni stimu kwenye swichi kuu, maana mkojo wa popo hula nyaya. Kanyageni kenchi tu na mtandike mbao juu yake. Silingi bodi iliyolowa mkojo kwa miaka haibebi mtu, wala haifai kuokolewa: ing'oeni.

Nyunyizieni maji yenye sabuni, lita 20 kwa kikombe kimoja cha sabuni ya maji, kwa bomba la mgongoni ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba. Ngojeni nusu saa, kisha mzoe kwa koleo la plastiki na kutia kwenye magunia. Hakuna kufagia kikavu, hata pembeni. Jiki ije mwishoni kabisa, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, kwenye mbao na saruji ambazo mkojo umeshaoshwa. Anayemwaga jiki moja kwa moja juu ya mkojo wa popo huchanganya klorini na amonia, na gesi inayotoka humtoa mtu mbio darini, kama ana bahati ya kuiona ngazi. Kinyesi hicho ni mbolea nzuri ya mboga, lakini kizikeni kwanza kwenye shimo la mboji kikiwa kimelowa.

SWALI: Tunaishi Kitale, si mbali na Mlima Elgon. Tumesikia popo wa mapangoni huko walileta ugonjwa wa Marburg. Je, hawa wa darini wanaweza kutuletea Marburg au Ebola? – Msomaji, Kitale

JIBU: Ni kweli kwamba mwaka 1980 na tena 1987 watu walioingia pango la Kitum, huko Mlima Elgon, walipata Marburg. Virusi hivyo huhusishwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni, ambao ni wakubwa, wenye macho makubwa, na hawakai chini ya mabati yako. Kuhusu jamaa wa darini, virusi vya familia ya Ebola viitwavyo Bombali vilitangazwa mwaka 2018 kupatikana kwa popo wa mapaani huko Sierra Leone, na baadaye kwa popo wa jamii hiyo katika eneo la Taita hapa Kenya. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa ajili ya Bombali. Habari hiyo isikuongoze kwenye sumu, kwani kundi linalopigwa na kutawanyika huongeza nafasi ya mtu kumgusa popo mgonjwa. Wafungie nje kwa utaratibu na usiwashike. Pangoni usiingie.

SWALI: Jana usiku popo aliingia chumbani, Section 58 hapa Nakuru. Mume wangu alimpiga kwa taulo, akamshika, akaumwa kidole. Kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Je, kuna haja ya hospitali? – Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Iko, na ni leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Aoshe kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asikifunge kwa nguvu, kisha aende hospitali yenye chanjo ya kichaa cha mbwa na aseme waziwazi kwamba ni popo. Hapa Kenya wagonjwa wa kichaa hutokana karibu wote na mbwa, lakini popo nao hubeba virusi vya jamii hiyo: mwaka 2009 kimoja kilipatikana kwa popo wa Shimoni, Pwani. Dalili zikianza hakuna tiba, lakini chanjo ikiwahi huzuia. Asikose hata sindano moja kati ya tarehe atakazoandikiwa. Ushauri ni huohuo kwa aliyeamka akamkuta popo kitandani, na kwa mtoto mdogo aliyekuwa peke yake na popo chumbani, hata kama hakuna alama. Meno yake ni madogo kiasi kwamba kidonda huweza kutoonekana.

Mara nyingine popo akiingia, fungeni mlango wa ndani, fungueni madirisha yote, zimeni taa na mtoke. Hutoka mwenyewe ndani ya nusu saa hivi. Akiwa sakafuni, mfunikeni kwa bakuli, mtelezeshe kadibodi chini yake, mkiwa mmevaa glavu nene, kisha mpeni sehemu ya juu ukutani nje. Wengi wa aina hii hushindwa kuruka kutoka chini, kwa hiyo ukimwacha nyasini, paka atammaliza kabla ya mapambazuko.

SWALI: Duka moja hapa Kakamega linauza kifaa cha mlio usiosikika na binadamu cha kufukuza popo. Shangazi anasema vidonge vya nondo ni rahisi zaidi. Kipi bora? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Kifaa hakiwaondoi. Vidonge vya nondo vyenye naftalini havina maana kwa kiasi kidogo, na kwa kiasi kinachoweza kumsumbua popo vinamsumbua binadamu kwanza. Mvuke wake huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo ya malaria kama yenu. Mtoto mchanga ndiye huumia zaidi. Mwambie shangazi kwa heshima.

SWALI: Popo wakubwa wa matunda wamelala kwenye miti ya jirani yangu Maseno, nao wanamaliza maembe na mapapai yangu. Nimwombe akate miti? – Mkulima, Maseno

JIBU: Ukikata, watahamia miti mingine ya karibu, pengine iliyo juu ya paa lako. Na popo hawa ndio husambaza mbegu za mvule, mti ambao huku magharibi wazee bado wanausikitikia. Linda matunda, si anga. Chuma embe linapoanza kubadilika rangi shingoni na uliivishe ndani. Papai chache zifunikie mfuko wa gunia. Kwa mti mfupi tumia neti nyeupe yenye matundu chini ya milimita tano, iliyovutwa ikakaza kwenye fremu ya fito na kufungwa chini ya matawi. Neti iliyolegea hunasa popo, ndege na hata nyoka. Tunda lenye alama za meno litupe lote, usikate upande mmoja ukala mwingine.

SWALI: Darini mwetu, Busia, usiku kunasikika mlio mrefu kama wa nyoka mkubwa. Jirani anashauri tumwage mafuta ya taa. – Baba, Busia

JIBU: Kabla ya mafuta ya taa, ambayo hayafukuzi nyoka ila huchoma nyumba, angalia ardhini chini ya tundu la paa. Ukiona chokaa nyeupe iliyochirizika ukutani na vidonge vyeusi vya manyoya na mifupa midogo, vikubwa kama kidole gumba, huyo ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, na mlio huo ni wa makinda yanayodai chakula. Tunajua yanayosemwa kuhusu bundi na misiba. Anachofanya juu ya paa lako ni kulisha watoto panya, tena wengi kwa usiku mmoja. Makinda huruka yakiwa na wiki nane hivi. Ngoja mlio ukome na wazazi waache kurudi kwa wiki mbili, kisha uzibe kwa wayameshi. Sumu ya panya isitumike nyumbani wakati huo, kwa sababu bundi anayekula panya aliyelewa sumu hufa naye.

Usipoona chokaa wala vidonge na mlio unaendelea, chukulia kuwa ni nyoka. Funga chumba kilicho chini yake na upige simu ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliyo karibu. Wewe usipande.

SWALI: Tumbili wa Milimani, Kisumu, wanaingia jikoni. Kaka yangu Nakuru, mtaa unaopakana na mbuga ya ziwa, ana tatizo hilohilo kwa nyani. Tunaweza kuwatega tukawapeleka mbali? – Ndugu wawili

JIBU: Hapana. Kuwatega na kuwasafirisha bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Isitoshe, kundi lingine hushika nafasi hiyo mradi chakula kipo. Kilichowaleta ni pipa. Liwe na kifuniko chenye kufuli au mpira wa kufungia unaovuka juu, litolewe asubuhi ya gari la taka, si jana yake. Dirisha la jikoni lipate wayameshi ya inchi moja iliyoshonwa kwenye fremu ya chuma, kwa sababu tumbili hung'oa iliyopigiliwa misumari midogo. Kwa nyani wa Nakuru, uzio wa umeme wa mbuga ulijengwa hasa kwa ajili ya faru, na nyani aliyezoea chakula cha watu huupita. Nyani dume asiyeogopa tena binadamu asisukumwe kwa fimbo na mtu mmoja. Mwachieni njia ya kutokea, toeni watoto, piteni kwa majirani wote kuhusu mapipa, na mwitieni KWS mkiona mmoja anayenyang'anya watu mikononi. Mtu mmoja mtaani anayewarushia ndizi hubatilisha kazi ya nyumba hamsini.

SWALI: Kenge anakula mayai na vifaranga vyangu hapa Dunga. Ana urefu wa mtu. – Mfugaji wa kuku, Dunga

JIBU: Anaweza kufikia mita mbili kweli, akihesabiwa mkia. Banda lako liko chini, ndiyo shida. Liinue sentimita 60 juu ya nguzo laini zilizofunikwa bati mviringo, sentimita 40 za bati kwa kila nguzo, maana kenge hupanda mbao kwa urahisi. Ngazi ya kuku itolewe jioni. Uwanja wa mchana uzungushie wayameshi ya nusu inchi iliyozikwa sentimita 30 ardhini, na sentimita nyingine 30 zikunjwe nje kama sakafu, kwa kuwa huchimba akigusa ukuta tu na hajui kurudi nyuma akaanzia mbali. Okota mayai mara mbili kwa siku na uzike mabaki ya samaki, kwani harufu hiyo humleta kuliko kuku wenyewe. Ukimkuta ndani, fungua mlango na usimame upande mwingine. Aliyebanwa kwenye kona huchapa kwa mkia na kuuma, na jeraha la kinywa chake huoza haraka, hivyo lioshe kwa sabuni na maji mengi na uende kwa daktari siku hiyohiyo.